Uko na Nani?

Ukishuka Kyimo na begi mgongoni, swali la kwanza si jina lako. Wala si unatoka wapi. Swali la kwanza ni: "Uko na nani?" Niliulizwa na kijana wa bodaboda, nikaulizwa na mama aliyekuwa anauza ndizi za kuchoma kando ya barabara, nikaulizwa na dada wa gesti huku ananisogezea kitabu cha wageni. Ukijibu kwamba uko peke yako kinapita kimya kifupi, halafu linakuja swali la pili, lenye sauti ya huruma na maana ya uchunguzi: "Kwa nini?"

Nilisema nimekuja kutembea, kuona maji. "Sasa si ungekuja na mwenzako?" Kwa anayeuliza, hoja imeishia hapo. Maji yanaonekana vilevile mkiwa wawili, na hela ya bodaboda mnagawana.

Tangu nirudi nimekuwa nikilichezea swali hilo kichwani, na nimefika mahali pa kuamini kwamba ni swali la falsafa kuliko mengi niliyosomeshwa chuoni chini ya jina hilo. Sisi wasomaji wa vitabu tuna kawaida ya kuuona upweke kama mali yetu. Tunautukuza. Mtu akisema "nimesafiri peke yangu" tunasikia ujasiri, tunasikia kina, tunategemea kwamba ataandika kitu. Kule Kyimo wanasikia kitu kingine kabisa: wanasikia upungufu. Ama huna watu, ama unao na umewakimbia, ama una jambo hutaki walione. Nani yuko sahihi? Na kama kuwa peke yako ni haki ya mtu, bili yake inakwenda kwa nani?

Nieleze kwanza mahali penyewe. Kyimo iko kwenye barabara kuu inayotoka Mbeya kwenda Tukuyu na kuteremka mpaka mpakani Kasumulu. Ni nchi ya migomba, chai, viazi na siku hizi maparachichi, ardhi nyeusi iliyotoka tumboni mwa volkano. Mlima Rungwe uko juu yako, karibu meta 3,000, na kusini mashariki yake upo Kyejo, mfupi zaidi, ambao ulitema moto mara ya mwisho takriban miaka 200 iliyopita. Nilikwenda mwishoni mwa Mei. Kwenye vitabu vya tafsiri, majira ya Ulaya ya majani kupukutika hupachikwa jina la "vuli", ambalo kwetu ni mvua za mwisho wa mwaka. Ukilichukua neno hilo mpaka Rungwe halina kazi, maana kule mvua ni moja ndefu, inaanza Novemba na kukatika Mei au hata Juni, na hakuna jani linalopukutika. Kinachotokea mwezi huo ni kwamba mvua inachoka, asubuhi zinakuwa baridi za kuvaa sweta mbili, na mito imejaa. Kwa mtu anayetaka kuona maji, huo ndio wakati.

Nilitaka kuona vitu vitatu. Daraja la Mungu, ambalo ni jiwe la volkano lililolala juu ya mto Kiwira kama daraja lililojengwa na fundi. Wataalamu wa miamba wanasema lava iliupita mto, ikapoa, na maji yakaendelea kuchimba chini yake. Kijungu, mbele kidogo ya hapo, ndani ya eneo la Magereza, ambapo Kiwira huohuo unaingia kwenye mashimo ya mwamba na kuzunguka kama ugali unaosongwa na mtu mwenye hasira. Na cha tatu chemchemi za upande wa Kyejo, zile ambazo maji yake yanatokota na ukiyagusa ni ya baridi. Nitazirudia hizo, maana ndizo zilizonipa kazi.

Lakini kwanza lugha, maana ninaposhindwa kufikiri huwa naanzia kwenye maneno. Kiswahili hakina namna ya kuliacha "peke" lisimame. Huwezi kusema "nimekwenda peke" ukanyamaza. Ni peke yangu, peke yako, peke yake. Hata ukiwa huna mtu, sarufi inakutafutia mwenyewe wa huo upeke. Kuna "upweke", ambao ni hali tu, unaweza kuwa mtamu au mchungu. Kuna "ukiwa", ambao hauna utamu wowote: mkiwa ni aliyefiwa, aliyeachwa, asiye na wa kumtazama. Na kuna "faragha", tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni uwazi, nafasi tupu. Faragha ni nafasi unayoichonga katikati ya watu, na lazima watu wawepo ndipo uichonge. Tena angalia tunavyosema kumiliki. "Nina kalamu" maana yake niko na kalamu. Wakenya wanaiweka wazi zaidi wanaposema "niko na gari". Kwa lugha yetu mtu hamiliki kitu, anakuwa nacho. Sidai kwamba sarufi inathibitisha jambo la maadili, nimeona watu wakijenga maghorofa ya falsafa juu ya kiambishi kimoja na sitaki kuwa fundi wao. Nasema tu kwamba anayeuliza "uko na nani" anauliza kwa lugha iliyokwisha kuchagua upande.

Na kwa Wanyakyusa swali hilo lina historia yake. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi huko kati ya 1934 na 1938 wakifanya utafiti, na kitabu chake cha 1951, *Good Company*, kimejengwa juu ya neno moja la Kinyakyusa: *ukwangala*. Ni kule kukaa na wenzako wa rika moja, kula pamoja, kunywa pamoja, kupiga soga. Kwa watu aliowasoma, hilo halikuwa burudani ya baada ya kazi. Lilikuwa ndiyo namna ya kuwa mtu mwenye akili, maana akili ilihesabiwa kuwa kitu unachokiokota katika mazungumzo na wenzako. Na waliliwekea mpaka miji yao. Wavulana wa umri wa miaka kumi na kitu waliondoka kwa baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni, kijiji cha rika lao, wakaishi humo na kukua nacho mpaka wakawa wazee. Kula walikula kwa zamu: kundi zima leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtu aliyekula peke yake alitazamwa vibaya, na aliyenuna, aliyejitenga, mwenye majivuno, tuhuma za uchawi zilimfikia mapema kuliko wengine.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifurahi kama ambavyo kila msomaji wa Kiafrika hufurahi akipewa ushahidi kwamba mababu walikuwa na jambo ambalo Ulaya imelipoteza. John Mbiti naye, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alituachia hoja kwamba mtu wa Kiafrika anajijua kupitia wenzake, na hoja hiyo imesemwa mara nyingi kwenye makongamano hadi imekuwa kama kiitikio. Mimi nilisimama kwenye yale mapishi. Wavulana wanazunguka kwa akina mama kula. Haya, nani alikuwa anapika? *Ukwangala* ilikuwa ya wanaume. Kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Mwanamke aliingia humo kwa kuolewa, akiwaacha wenzake aliokua nao, na kuanza upya katikati ya wake za watu wengine. Wilson mwenyewe alilirudia jambo hilo baadaye, na kitabu chake cha 1977 kinalisema mpaka kwenye jina: mfumo ule uliwafaa wanaume na wazee. Kwa hiyo mtu akinieleza uzuri wa kuwa na watu, namuuliza kwa heshima zote: hao watu wanakula kwa nani?

Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono moja kwa moja wale walioniuliza barabarani. Mimi ni mwanamke, nina miaka thelathini na kitu, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kuwa "na watu" kumekuwa na maana ya kuwa kazini. Msiba ni watu, na mwanamke msibani yuko jikoni. Harusi ni watu, kamati ni watu, kundi la WhatsApp la ukoo ni watu. Hata safari ya kutembea tu na marafiki, nitakuwa mimi ninayekumbuka dawa ya malaria na kuuliza kama fulani ameshakula. Siku nne Rungwe bila kumuuliza mtu kama ameshakula! Sitaki kuipamba hiyo kwa maneno ya kiroho. Ilikuwa raha ya mwili, kama kuvua viatu.

Na kuna kuona. Pale Daraja la Mungu nilifika asubuhi, hakukuwa na mgeni mwingine. Nilikaa kwenye jiwe nikatazama maji kwa muda ambao ukiwa na mwenzako ni kosa la adabu, maana ukiwa na mtu lazima useme. Mnasema "pazuri, eh?" na hapo hapo pameshakuwa pazuri tu, mmepafungia kwenye neno. Nilipokaa kimya nikaanza kuona kwamba maji hayapiti chini ya daraja kwa mwendo mmoja. Katikati yanakimbia, pembeni yanarudi nyuma, kuna jani lilizunguka mahali pamoja zaidi ya dakika kumi kabla mto haujaamua kulichukua. Mtu mwingine angekuwa ameshapiga picha tano na kuuliza tunakwenda wapi sasa. Simlaumu, ningekuwa na njaa ya mwenzangu ningeuliza mimi.

Al-Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliacha kazi kubwa ya ualimu Baghdad na kwenda kujitenga kwa miaka mingi, aliandika kitabu kizima ndani ya *Ihya* juu ya suala hili. Kinachonivutia ni kwamba hakuchagua upande mapema. Anazipima faida za kujitenga, anazipima faida za kuchangamana, na jibu lake linategemea: mtu gani, kwa ajili ya nini, kwa wakati gani. Mtu aliyejitenga mwenyewe angeweza kutuuzia kujitenga kwa bei ya juu. Hakufanya hivyo.

Wengine wametuuzia. Fasihi ya safari, hasa ile ya Wazungu katika nchi zetu, imejengwa juu ya mtu mmoja anayetazama. Joseph Thomson alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, kijana wa miaka 21, baada ya kiongozi wa msafara, Keith Johnston, kufa Behobeho. Ukitazama namna habari hizo zinavyosimuliwa mpaka leo utadhani kijana huyo alitembea na daftari lake tu kwenye milima ya Wanyakyusa. Alikuwa na wapagazi zaidi ya mia moja na aliyewaongoza ni James Chuma, yuleyule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Thoreau naye, mtakatifu wa wapenda upweke, alijenga kibanda chake Walden mwaka 1845 kwenye ardhi ya rafiki yake Emerson, mwendo wa nusu saa kutoka mjini kwao, na alikuwa anakwenda mjini mara kwa mara. Simcheki Thoreau. Ninachosema ni kwamba upweke unaoandikwa vitabuni mara nyingi ni wa kuhariri: watu walikuwepo, wamefutwa.

Linganisha na waandishi wetu wa kwanza wa safari. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa Carl Velten uliochapwa 1901, yumo Selim bin Abakari, Mngazija aliyesafiri na Wajerumani mpaka Nyasa, na baadaye mpaka Urusi na Siberia. Ukisoma watu wa kitabu kile, vitenzi vimebebwa na "tu": tulifika, tulilala, tuliondoka. Kuna siku nilidhani ni udhaifu wa mtindo, kwamba mwandishi bado hajaijua nafsi yake. Sasa naona ni usahihi wa habari. Walikuwa wengi, akaandika wengi.

Sasa chemchemi.

Chini ya Rungwe na Kyejo ardhi inapumua. Gesi ya kaboni dayoksaidi inapanda kutoka chini sana kwenye miamba ya moto, inapita kwenye nyufa za Bonde la Ufa, na inapokutana na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi inayafanya yatokote kama soda iliyofunguliwa. Mfano huo wa soda si wa bure. Gesi hiyohiyo huvunwa Rungwe kwa visima na kampuni ya TOL, ile iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, na kuuzwa kwa watengenezaji wa soda na bia. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba umeshawahi kubeua Rungwe bila kujua. Na bonde la Mbaka, upande wa chini, maji hutoka ya moto kweli, zaidi ya nyuzi 50, na kampuni ya umma ya jotoardhi inatafuta namna ya kuyageuza umeme.

Gesi hiyo haina rangi, haina harufu ya kukuamsha, na ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu. Mahali inapotoka kavu, bila maji, inateremka na kujaa kwenye vishimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Wadudu wanakutwa wamekufa, ndege, wakati mwingine mnyama mkubwa zaidi. Ndugu zetu wa Goma, chini ya Nyiragongo, wana neno kwa sehemu kama hizo: *mazuku*, upepo mbaya. Mtu akiinama mahali hapo anavuta hewa ambayo si hewa. Ikifika asilimia kumi hivi ya gesi hiyo, fahamu zinamtoka kwa muda mfupi sana, na akishaanguka ameanguka ndani ya shimo lenyewe, kule ilikojaa zaidi.

Mama mmoja ambaye nyumbani kwake nilisimama kuulizia njia alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja, akauliza lile swali. Nikajibu kama kawaida. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Hapana, binti, huko haendi mtu mmoja," akageuka akamwita kijana wake aliyekuwa anapasua kuni. Nikamweleza kwamba nitaangalia tu kwa mbali, sitashuka. Akacheka. "Wewe utajuaje kwamba umeshashuka?"

Nimesoma waandishi wengi juu ya mipaka ya ujuzi wa mtu mmoja mmoja, sijakutana na sentensi iliyolifunga jambo hilo kama ile. Unajuaje kwamba umeshashuka? Shimo lenyewe halitishi. Ni mteremko mdogo wenye majani, wa kina cha magoti au kiuno. Hatari yake ni ya aina ambayo kifaa cha kuigundulia, yaani akili yako, ndicho kinachozimwa kwanza. Hapo ushauri wa "jiamini" hauna maana. Anayehitajika ni mtu wa pili, aliyesimama juu, ambaye akili yake bado inafanya kazi.

Kijana alinipeleka. Alitembea mbele mpaka tulipokaribia, akasimama, akaangalia majani yanayumba upande gani, akanizungusha tukaja kwa upande wa upepo. Chemchemi ilikuwa dimbwi la ukubwa wa meza ya kulia, maji ya rangi ya kutu pembeni, yanatokota kwa sauti ya chungu cha maharage. Nilitia mkono, baridi. Nikaambiwa niutoe na nisiiname kuchungulia. Akanieleza, kama mtu anayeeleza kanuni za barabarani, kwamba mwenzako akianguka mahali kama pale hushuki kumvuta. Unaita watu, mnatafuta kamba au mti mrefu. Wa pili akishuka wanakuwa wawili.

Hili lilinikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa somo la umoja, kwamba tushikane mikono, na nikapewa kitu kigumu zaidi: ukaribu wenye umbali ndani yake. Mwenzako anakufaa kwa sababu hayuko mahali ulipo. *Ukwangala* ile ya vitabuni, watu wote ndani ya chungu kimoja, hapa ingeua kundi zima. Tunajua inavyokuwa gesi ikitoka nyingi: Ziwa Nyos, Kamerun, usiku wa Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa kwa kaboni dayoksaidi iliyofumuka kutoka ziwani, wengi majumbani mwao, pamoja na familia zao. Kuwa wengi hakukuwasaidia kitu. Walikosa mtu aliyeko juu.

Lakini sitaki kuukwepa upande wa pili wa kisa. Yule kijana alikuwa anapasua kuni. Safari yangu ya peke yangu ilimchukua saa mbili na zaidi. Nilimpa pesa, akakataa, nikampa mama yake, akapokea kwa mikono miwili akasema "ndaga". Hilo halifuti hesabu. Upweke wangu, ambao huku mjini niliuita haki na mapumziko, kule uligeuka kuwa kazi ya mtu mwingine bila yeye kuombwa. Na hata zile siku nyingine ambazo nilijiona niko peke yangu kabisa, nilikuwa nimeandikwa kwenye kitabu cha wageni cha gesti: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Safu ile ya kabila inaniudhi kila mara. Ile ya "unakokwenda" nimeanza kuiheshimu. Kuna mtu Kyimo aliyekuwa anajua kwamba usiku ule natakiwa niwe nimerudi.

Kwa hiyo najibu nini? Kwamba mtu ana haki ya kuwa peke yake, ndiyo, na ninaishikilia haki hiyo hasa kwa ajili ya wale ambao "watu" wamekuwa mzigo kwao: wanawake, wakwe, wajane wanaosimamiwa na ukoo, vijana ambao hawawezi kufunga mlango. Sitaisalimisha kwa sababu ya hotuba nzuri za utu. Ila si haki ya kutojulikana ulipo. Hayo ni mambo mawili na sisi watu wa mjini tumeyachanganya. Faragha inataka mtu ajue kwamba uko huko, na akuache. Ukiwa ni pale ambapo hakuna anayejua. Kazimoto wa Kezilahabi katika *Kichwamaji* hakufa kwa kukosa watu. Alikuwa na kijiji, alikuwa na mke. Alikuwa amefika mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na njia ya kumuuliza swali likamfikia.

Mtu anaweza kunipinga kwamba "uko na nani" ya Kyimo si upole, ni umbea, na umbea huohuo ndio unaomtambua mjane kuwa mchawi. Ni kweli. Jicho linalokulinda na jicho linalokuchunguza ni moja, na nani asemaye amepata namna ya kulitoa hilo moja akabaki na jingine sijakutana naye. Yule mama alinitazama kwa lile jicho. Kama ningekuwa jirani yake kwa miaka ishirini, mtu wa kununa na asiyekwenda misibani, pengine angenitazama kwa lile lile na kusema mengine. Kati ya kutazamwa hivyo na kutotazamwa kabisa, kila mtu atapima mwenyewe. Mimi kuna habari ninazozipima nazo.

Katika kazi yangu kuna aina ya habari ambayo huandikwa kwa aya tatu. Mtu amekutwa amekufa ndani ya chumba alichopanga, Dar es Salaam au Mwanza au hapo Mbeya mjini, siku ya nne, ya tano, baada ya wapangaji wenzake kusikia harufu. Nimeziandika kadhaa. Huwa unakwenda, unamkuta mjumbe, mwenye nyumba, majirani wawili watatu wamesimama uani. Unawauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Jina la kwanza wanalijua, la pili wanabishana. Kwao wapi, hawana hakika, labda Nyanda za Juu huko. Alikuwa na nani? Hawajui. Halafu mmoja, akitaka kumwambia marehemu neno jema, anasema lile ambalo nimelisikia karibu kila mara, na nimeliandika mara zote kwenye aya ya tatu kama sifa: alikuwa mtu mzuri, alikuwa hana shida na mtu.